Mwethya wa Insha na Muthokoi wa Langoni

Walimu wenzangu wachanga wa idara ya Kiingereza, siku ya kuniaga mliniomba niwaandikie "maneno machache tu" kuhusu kazi. Nimefundisha lugha miaka thelathini na minne, na bado sijakutana na mwalimu wa lugha anayejua maneno machache ni mangapi. Basi vuteni viti. Sitawaambia nilipandishwa cheo lini wala mshahara wangu wa kwanza ulikuwa kiasi gani. Anayetaka hayo amuulize karani, ana faili nene. Nitawaambia habari za darasa, na za siku ile niliyowalisha walimu wa kaunti mbili nje ya lango la hoteli. Najua hiyo ya lango ndiyo mnayoisubiri, kwa sababu kila mmoja wenu anaisimulia kivyake na hakuna anayeisimulia ilivyokuwa.

Nilianzia kazi katika shule moja karibu na Kwa Vonza, upande wa Kitui, nikiwa na viatu vipya vilivyonibana na kamusi kubwa niliyoikumbatia kama Biblia. Siku ya kwanza niliingia Kidato cha Kwanza, wanafunzi wakasimama, wakaniamkia kwa sauti moja, na papo hapo nikasahau kila kitu nilichofundishwa chuoni. Nikaanza kusema. Nilieleza nomino, nikapitia vitenzi, nikarukia barua rasmi, nikamalizia na ushairi. Kutazama saa, zimepita dakika kumi na tano. Dakika zilizobaki nilizitumia kufuta ubao.

Nyuma ya darasa alikuwa amekaa mkuu wa idara, Bwana Ndambuki, mzee mwembamba aliyevaa sweta hata kwenye jua la Februari. Kengele ilipolia alinifuata nje polepole.

"Kalondu," akaniambia, "syllabus ya mwaka mzima umemaliza leo. Sasa kesho utafunza nini?"

Hakucheka, na hakwenda kunitangaza ofisini. Kesho yake alinikalisha mezani kwake akanionyesha jinsi ya kufundisha jambo moja kwa dakika arobaini bila kumchosha mtu. Huyo ndiye mwalimu wangu wa kweli. Chuo kilinipa cheti tu. Ni yeye aliyenifundisha kutumia mashine ya stensili, ile ya kuzungusha kwa mkono iliyochapisha mitihani na kuacha wino kwenye kila gauni nililokuwa nalo. Ni yeye aliyenifundisha kuanika betri za redio juani ili zisukume kipindi kimoja zaidi cha kusikiliza. Ninyi mna projekta na mnalalamika kwamba waya ni mfupi. Sina neno.

Baada ya kuolewa nilihamia Makueni, milima ya Kilungu, na huko ndiko nilikomalizia kazi. Kilungu kila kitu kiko juu au chini. Hakuna kilicho kando. Shule ilikuwa juu, nyumba yangu chini, na kila Ijumaa nilishuka na madaftari hamsini na manane ya insha mgongoni, nikapanda nayo Jumatatu yakiwa mekundu. Nilisahihisha jikoni, kanisani kabla ya ibada kuanza, na mara moja kwenye mazishi, Mungu anisamehe. Na kila Jumatatu nilikuta makosa yaleyale yamerudi, mazima yenye afya.

Mwaka wangu wa kumi na mmoja kazini nilikuwa na mwanafunzi aliyeitwa Kanini. Alikuwa mtulivu, hakosi darasani, hasumbui mtu. Ila daftari lake lilikuwa linakonda. Kila lilipofika mkononi mwangu lilikuwa na kurasa chache kuliko wiki iliyopita. Mwishowe nikamwita, nikamuuliza kurasa zinakwenda wapi.

"Nazichana, Madam," akasema akiangalia viatu vyake. "Page ikishakuwa red, siwezi kuiangalia tena."

Nilirudi nyumbani siku hiyo bila hamu ya chakula. Nilikuwa nimejivunia wino wangu, kumbe nilikuwa nawafukuza watoto kwenye madaftari yao wenyewe. Sikujua la kufanya. Bwana Ndambuki alikuwa amekwisha staafu, na semina nilizohudhuria zilizungumzia zaidi jinsi ya kujaza fomu.

Jibu nililipata shambani kwa mama mkwe. Jumamosi moja aliita mwethya. Kwa mwalimu yeyote anayesoma haya na hakulelewa Ukambani, mwethya ni kikundi cha majirani kinacholima kwa zamu: leo kwako, kesho kwangu. Kila mtu huja na jembe lake, na mwenye shamba ana wajibu mmoja mkubwa, kuwalisha watu. Basi shamba la mama mkwe lilikuwa limefunikwa na magugu hadi mahindi yalikuwa yanachungulia tu. Wanawake ishirini wakajipanga kwenye matuta, wakaimba, wakapalilia, na kabla ya saa saba unaona udongo mweusi na mahindi yamesimama wima. Niliona haya kwa niaba yake, nikamnong'oneza kama haoni vibaya kuwaonyesha majirani shamba chafu namna ile.

Akanishangaa, akaniita mwanangu kwa Kikamba. "Haya ya nini, mwana wakwa? Magugu ni mvua imeleta. Ama ni mimi nilipanda?"

Nilisimama na jembe langu kama mtu aliyeitwa jina. Jumatatu niliingia Kidato cha Pili nikawaambia wanafunzi kwamba kuanzia wiki hiyo, kila Alhamisi tutakuwa na mwethya wa insha. Mmoja atakuwa mwenye shamba. Insha yake itaandikwa ubaoni, na sisi wote tutaingia kuipalilia. Kabla ya kushika jembe, lazima uonyeshe mmea mmoja uliostawi. Kisha kila mtu atang'oa gugu moja tu, halafu ampishe mwenzake, na akiling'oa pamoja na muhindi, ataupanda tena yeye mwenyewe. Mwenye shamba hakasiriki. Na kwa kuwa mwethya bila chakula ni utumwa, mwenye shamba ataleta kitu cha kutafuna: njugu, mapera, miwa iliyokatwa, chochote kinachopatikana kwao.

Alhamisi ya kwanza kijana mmoja jasiri alileta maembe, na nusu ya darasa walipalilia kwa vidole vinavyonata. Kelele ilikuwa nyingi. Lakini kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi, niliona wanafunzi wakibishana kuhusu insha ya mwenzao kana kwamba ni mali ya wote. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mimi nilikuwa nimejaribu miaka kumi na mmoja kuvunja chawa wa watoto hamsini na wanane kwa kidole kimoja chekundu.

Wiki ya tano Kanini mwenyewe aliweka mfuko wa mapera mezani kwangu, akasimama kando. Insha yake ilikuwa juu ya siku kuku wa mamake walipotoroka sokoni. Darasa lilicheka, lakini lilicheka mahali alipotaka wacheke, na yeye alijua. Walionyesha mimea mitano iliyostawi kabla ya mtu yeyote kugusa gugu. Muhula uliofuata alikuja kuomba daftari jipya kwa sababu la zamani lilikuwa limejaa. Nilizunguka nyuma ya maktaba nikalia kidogo kwa furaha, kisha nikaenda kufundisha kipindi cha sita.

Basi miaka ikapita hivyo. Wakuu wa shule walikuja na kuondoka, na mwethya wa Alhamisi ukaendelea, hakuna aliyeuliza maswali kwa sababu hakuna aliyeujua. Hilo nalo ni somo: jambo jema likikaa darasani kwako peke yako, siku ukiondoka linaondoka na mkoba wako. Nilikuja kulifahamu nikiwa nimebakiza mwaka mmoja tu, alipokuja Bwana Muthama.

Mnamfahamu, bado yuko nanyi, na haya nayaandika kwa ruhusa yake. Alikuja na sifa ya kuinua matokeo, na suti tatu. Alhamisi yake ya kwanza alipita nje ya darasa langu akasikia watu wanapiga kelele. Akafungua mlango. Akawakuta wanafunzi hamsini wamesimama, mmoja yuko ubaoni na chaki, wengine wanatafuna miwa, na mimi nimekaa nyuma nimetulia kama mgeni wa heshima.

"Madam," akasema, "hii ni class ama ni harusi?"

"Ni composition, Principal."

"Na miwa?"

Nikamweleza. Alisikiliza hadi mwisho, hilo nampa. Kisha akaniita ofisini, akafunga mlango.

"Mimi si mtu mbaya," akasema. "Lakini mzazi akiingia hapa akute mtoto anatafuna miwa English ikiendelea, nitamwambia nini? Kila mtoto na kitabu chake, kila mwalimu na kalamu yake. Hivyo ndivyo tulisoma sisi wote."

Nikamwambia kwamba sisi wote ndio tuliochana kurasa. Akatabasamu kidogo, akavuta karatasi. Ilikuwa barua ya mwaliko: kongamano la walimu wa Kiingereza wa Kitui na Makueni, litakalofanyika hotelini mjini Kitui. Yeye mwenyewe alikuwa ameombwa kutoa hotuba ya kufunga kwa niaba ya wakuu wa shule.

"Enda uwaambie walimu wenzako hii kitu yako," akasema. "Nitakaa nyuma nisikize. Wakiona iko na maana, naiweka kwa timetable ya shule yote, Form One mpaka Form Four, hata ukienda nyumbani. Wakikataa, tunafunga hii story. Sawa?"

Nikasema sawa, kwa sauti ambayo haikuwa yangu. Mjue kwamba katika miaka yote hiyo sikuwahi kusimama mbele ya walimu wenzangu kutoa mada. Nilikuwa nahudhuria makongamano, nakaa karibu na mlango, nakunywa chai, naandika vichwa vya habari. Mbele ya wanafunzi hamsini nasimama bila woga. Mbele ya walimu wa Kiingereza kumi, watu ambao kazi yao ni kutafuta makosa, nautafuta mlango. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Wiki tatu niliandika. Nilitoa kurasa tisa. Ukurasa wa kwanza ndio ulionichukua muda mrefu kuliko yote, kwa sababu niliujaza majina ya wasomi niliowatoa mtandaoni, watu ambao sikuwa nimewasoma hadi mwisho, lakini walionekana kunisindikiza vizuri. Mwalimu wetu wa kompyuta alinitengenezea slaidi, akaniambia kwa upole kwamba slaidi moja haifai kuwa na maneno mia mbili. Nikamwambia apunguze herufi.

Siku tatu kabla ya safari nilikwenda kufanyia mazoezi kwa wifi yangu Syombua, ambaye ndiye kiongozi wa mwethya wa kijiji chetu. Alinisikiliza kwa adabu akichambua kunde. Nilipomaliza akaniuliza, "Sasa hao walimu watajua aje mwethya ni nini?"

"Nimewaeleza kwa slaidi ya nne."

"Wifi, mwethya haielezwi. Watu wanaitwa, wanakuja na jembe."

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Nikaona yuko sawa. Kama nataka walimu wauelewe mwethya, lazima waufanye. Na kama wataufanya, shamba liko wapi? Shamba ni hizi kurasa zangu tisa. Nitazigawa, nitawaomba wazipalilie mbele yangu, na Principal akiwa amekaa nyuma. Kisha Syombua akaongeza jambo ambalo mimi, pamoja na elimu yangu, sikuwa nimelifikiria.

"Na watakula nini?"

Nikamwambia kwamba hoteli ina chakula, tena kimelipiwa, kuna kuku na chapati.

"Hicho ni chakula ya hoteli," akasema. "Wewe ndiye mwenye shamba. Utaita watu wakulimie na hujapika? Unataka tusemwe mpaka Kitui?"

Basi ndivyo ilivyotokea kwamba mwalimu mwenye shahada, aliyebakiza miezi michache kustaafu, aliwasili kwenye kongamano na sufuria mbili za muthokoi. Mahindi yaliyotwangwa na kutolewa maganda, maharagwe, vitunguu na siagi kidogo, vilivyopikwa tangu mchana wa jana na kufungwa kwa leso tatu ili vibaki na joto, nyuma ya gari la shule. Askari wa lango alifungua mlango wa nyuma, akainua leso kidogo, akafumba macho kwa sekunde moja.

"Mwaitu," akaniita, yaani mama, kwa heshima zote, "chakula ya nje hairuhusiwi ndani. Ni sheria ya hoteli."

"Hata muthokoi?"

"Hasa muthokoi. Wageni watawacha ya hoteli." Akanionea huruma. "Wacha gari hapa nje ya gate. Nitaichunga mimi."

Nikaingia bila sufuria, na kurasa zangu tu mkononi. Ratiba ilinipa Ukumbi wa Pili, saa tano na nusu, dakika arobaini. Ukumbi wa Kwanza, saa hiyohiyo, kulikuwa na mhadhiri wa chuo kikuu na vipaza sauti. Nilihesabu watu wangu: kumi na mmoja, na mmoja wao alikuwa amekosea mlango lakini aliona aibu kutoka. Bwana Muthama alikaa nyuma kabisa, amekunja mikono, mfuko wa koti lake umetuna karatasi za hotuba.

Sikuwasha projekta. Niliwaambia mwethya wa insha ni nini kwa dakika tano, nikawapa kanuni zake, nikawagawia nakala za kurasa zangu tisa. Nikawaambia, "Leo mwenye shamba ni mimi. Karibuni mpalilie."

Walisoma, tena walisoma vizuri, niliona macho yakisimama mahali na nyusi zikiinuka. Lakini hakuna aliyegusa gugu. Mmoja akasema mada ni nzuri sana. Mwingine akasema imempa changamoto, neno ambalo walimu hulitumia wakiwa hawana la kusema. Wengi wao walikuwa na umri wa wanangu, na kwetu hupalilii shamba la mama wa watu kabla hajakusukuma. Dakika zinakwenda. Nyuma, Bwana Muthama alitazama saa yake, nami nikaona mwethya wangu unazikwa kwa heshima na adabu.

"Nimewaona macho," nikawaambia. "Kila mmoja wenu ameshaona gugu. Mikono ndiyo inaogopa. Sasa mkiniachia shamba hivi, mtakuwa mmenisaidia ama mmenionea haya tu?"

Mwalimu mmoja mdogo, Mwende kutoka Mwingi, mwaka wake wa kwanza kazini, alinyoosha mkono nusu, akaurudisha, akaunyoosha tena.

"Mmea uliostawi uko page ya pili, Madam," akasema. "Pale kwa huyo msichana wa daftari. Hapo nilisahau kama niko conference. Lakini... samahani, Madam. Page ya kwanza yote haina haja. Unaanza kutuambia kitu yako page ya pili."

Ukurasa wa kwanza! Wiki mbili za maisha yangu, na wasomi wangu wote! Nilijisikia nachomwa masikio. Nilitaka kumweleza kwa nini ni muhimu, na mdomo ulikuwa umeshafunguka. Kisha nikausoma tena ukurasa ule kwa macho yake, na, wenzangu, hapakuwa na chochote pale. Magugu matupu, marefu, yenye maua.

Nikaushika ukurasa, nikauchana mbele yao, nikauweka chini ya meza. "Asante, mwanangu," nikasema. "Hilo lilikuwa gugu kubwa kama mti. Wa pili nani?"

Kicheko kilichotoka hapo kiliwafungua wote. Wakavuta viti mbele. Wakaonyesha kilichostawi, wakang'oa, wakapishana. Wawili walibishana juu ya ukurasa wa sita hadi wakasahau kwamba mimi nipo. Mtu aliyekosea mlango aling'oa magugu mawili, kinyume cha kanuni, akakaripiwa na wenzake. Kengele ya muda ilipigwa, hakuna aliyeinuka. Kurasa tisa zilibaki nne, na hizo nne zilisema kila kitu nilichotaka kusema tangu mwanzo. Sijawahi kufurahi namna ile nikikosolewa.

"Sasa," nikawaambia, "mwethya hauishi bila kula. Chakula kimezuiwa langoni. Kwa hiyo sisi ndio tutatoka."

Tukatoka, mimi na wale kumi na mmoja, tukapita katikati ya ukumbi wa chakula, tukapita kuku na chapati za hoteli, hadi nje ya lango. Askari alikuwa ameshapanga sahani za plastiki juu ya boneti; alizitoa wapi sikuuliza. Nilipofungua leso ya kwanza, mvuke ulipanda na harufu ikaingia hotelini bila kusimamishwa na sheria yoyote. Ukumbi wa Kwanza ulipofunguliwa, watu waliuliza kwa nini walimu wamesimama barabarani. Wakaja kutazama. Walipokuja kutazama wakapewa vijiko. Punde si punde palikuwa na zaidi ya hamsini kando ya ukuta, wa Kitui na wa Makueni, wakila na kusimuliana habari za ukurasa uliochanwa. Mhadhiri wa chuo kikuu alirudia mara mbili.

Nilikuwa nimejaa furaha hadi Bwana Muthama aliponikaribia, sahani yake tupu mkononi.

"Madam," akasema polepole, "watu ni wengi, nimeona. Lakini hawa wamekuja kwa muthokoi. Hawajakuja kwa mwethya."

Hakusema kwa ubaya, na ndiyo maana iliniuma. Kumi na mmoja walikuja kwa mwethya. Waliobaki walikuja kwa pua. Aliweka sahani yake chini, akavuka barabara, akaenda zake. Nikageuka kukwangua sufuria ili watu wasione uso wangu. Nilijiambia kwamba angalau mimi nimeuona ukifanya kazi. Nilijiambia mengi, na hakuna hata moja lililonifariji.

Baada ya dakika chache nikasikia kitu kizito kikiwekwa juu ya boneti. Bwana Muthama alikuwa amerudi, amebeba mfuko mkubwa wa machungwa aliyoyanunua kwa mama mmoja ng'ambo ya barabara.

"Ya nini, Principal?" nikamuuliza. "Watu wameshiba."

Aliingiza mkono kwenye koti akatoa hotuba yake, kurasa tano, zimekunjwa na kukunjuliwa mara nyingi.

"Huyo teacher wa Mwingi aliposema page ya kwanza haina haja," akasema, "nilishika mfuko. Madam, tangu niwe principal, miaka yote hii, hakuna mtu ameniambia hotuba yangu ni ndefu. Wananipigia makofi tu." Akatazama machungwa, kisha watu. "Mwenye shamba ni lazima alishe, si ndiyo? Basi hayo ndiyo nimepata. Waite."

Sikuita. Mwende alinitangulia, na wale kumi na mmoja wakaja wote, na wengine nyuma yao, na mara hii hakuna aliyekuja kwa pua. Walimpalilia Mkuu wa Shule hadharani, kando ya barabara, yeye akimenya machungwa na kuwagawia kwa mkono wake. Walionyesha kwanza kilichostawi, sehemu fupi kuhusu mwalimu aliyemfundisha kusoma akiwa mdogo, iliyokuwa imejificha ukurasa wa nne. Kisha wakang'oa. Salamu za itifaki zilikuwa ukurasa mzima na robo. Alitoka jasho, lakini hakukasirika.

Saa kumi alipanda jukwaani akiwa na karatasi moja. Alianza na yule mwalimu wake wa utotoni, moja kwa moja, bila kumtambua mgeni yeyote wa heshima. Alimaliza kwa dakika nne. Makofi yalidumu karibu urefu huohuo, na nilimwona akiyasikiliza kama mtu anayeonja kitu kwa mara ya kwanza. Jumatatu asubuhi nilipofika shuleni, ratiba mpya ilikuwa imebandikwa ukutani, na Alhamisi ya kila kidato ilikuwa imeandikwa kwa mkono wake: Mwethya.

Hayo ndiyo ya lango. Limebaki moja, nalo hamkuliona kwa sababu mlikuwa mnapanga viti vya kuniaga. Alhamisi yangu ya mwisho niliwapelekea Kidato cha Pili hotuba yangu ya kwaheri, pamoja na mfuko wa njugu, nikaiandika ubaoni. Waling'oa ya kung'oa, nami nikawapisha. Mwishoni msichana mmoja wa dawati la mbele, ambaye hasemi sana, alienda ubaoni akasimama mbele ya sentensi ya kumwomba radhi yeyote niliyemkosea.

"Madam, hii tutoe," akasema. Akaifuta kwa kiganja chake, taratibu, hadi mahali pale pakawa safi. "Hukutukosea."

Nikarudi nyuma, nikakaa, nikamenya njugu zangu. Mwenye shamba habishi.